Adui Wako ni Popo au ni Kangaga?

Ndugu mkulima, hebu nikuulize swali, nawe ujibu moyoni mwako kabla ya kusoma mbele. Kati ya viumbe hivi viwili, popo na kangaga, ni kipi kinachokuletea hasara zaidi katika shamba lako?

Najua jibu la wengi. Mimi ni karani wa kilimo, na kazi yangu ni kuandika kitabuni kila shauri linaloletwa ofisini na wakulima. Malalamiko juu ya popo nimeyaandika mara nyingi: popo wamekula maembe, popo wanapiga kelele, popo wamechafua mabati, twaomba serikali ije iwapige risasi. Lakini mkulima aliyefunga safari kuja kushtaki kangaga sijamwona bado. Watu hupita kando yake kila siku kama wapitavyo kando ya jiwe.

Mimi nasema tumeigeuza hesabu juu chini. Popo tunayemchukia anatudai deni dogo na kutulipa kubwa. Kangaga tusilolijali linatula polepole, na siku tutakapolishtaki huenda ng'ombe amekwisha kwenda. Nimesomea ualimu kabla ya kuja ofisini, na mwalimu hufundishwa kwamba vitu viwili havipimwi kwa chuki wala kwa mazoea, bali huwekwa katika mizani moja. Basi tuwapime.

POPO NINAYEMSEMA

Popo si wa namna moja. Katika nchi yetu ya Kenya kuna zaidi ya aina 100. Wako wadogo wanaokaa chini ya mabati na kula wadudu usiku. Wako wanaokaa mapangoni, kama yule popo wa matunda wa mapango ya Mlima Elgon, ambaye jamii yake imeonekana kubeba ugonjwa mbaya wa Marburg. Ninayemsema leo si hao. Ni yule popo mkubwa wa matunda mwenye shingo ya rangi ya majani makavu, anayelala mchana mitini kwa maelfu. Wataalamu wamempa jina la Eidolon helvum. Watu wa Kakamega, Vihiga na Kisumu wanamfahamu sana.

Popo huyu ana uzito wa gramu 230 hadi 350, na akitandaza mabawa yake upana wake waweza kufika sentimita 76. Haongozwi na mwangwi wa sauti kama popo wadogo. Hutafuta chakula kwa macho na kwa pua. Jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Jioni huondoka mitini kama moshi, na kwa usiku mmoja aweza kuruka makumi ya kilomita kutafuta matunda na maua. Tena ni msafiri. Huko Zambia, katika hifadhi ya Kasanka, hukusanyika kila mwaka kati ya Oktoba na Desemba kwa wingi wa kushangaza. Popo waliofungwa vyombo vya kuwafuatilia wameonekana wakienda mbali zaidi ya kilomita 2,000.

Sasa, anakula nini? Ni kweli anakula matunda yaliyoiva. Hulitafuna tunda, akameza maji yake pamoja na mbegu ndogo, akatema makapi. Mbegu zile huanguka pamoja na kinyesi chake mahali pengine, mbali na mti mama. Mti wa mvule ni mfano mzuri. Katika nchi ya Ghana wataalamu walichunguza mvule, nao wakaona kwamba popo huyu ndiye msambazaji wake mkubwa. Wewe unayetamani mbao za mvule za mlango na kitanda, jua kwamba mvule mwingi haukupandwa na binadamu. Na ndugu zetu wa skimu za Pwani wakumbuke mbuyu: ua lake hufunguka usiku, na popo huyu ni mmoja wa wanaobeba chavua kutoka ua hata ua ili ubuyu upatikane.

KANGAGA NINALOLISEMA

Kangaga nalo lina aina nyingi, na nyingi hazina ubaya. Ninalolisema ni lile la malishoni, ambalo wataalamu huliita Pteridium aquilinum. Utalijua hivi: bua lake ni moja, gumu, limesimama peke yake kutoka ardhini, majani yake yamekatwakatwa kama manyoya ya ndege, likiwa changa ncha yake imejikunja kama ngumi ya mtoto mchanga. Hufika kimo cha mtu. Kila kabila la nyanda za juu lina jina lake, kwa sababu hapana asiyelijua. Limeenea katika mabara yote ya dunia isipokuwa lile la barafu la kusini. Hupenda udongo mchachu usiotuama maji, na hasa mahali palipokuwa msitu ukakatwa na kuchomwa moto.

Kangaga halina ua wala mbegu. Chini ya ukingo wa majani yake hutokea vumbi la rangi ya kahawia, na kila chembe ya vumbi lile yaweza kuchukuliwa na upepo ikaota mbali. Lakini nguvu yake kubwa iko chini ya ardhi. Huko kuna shina refu jeusi, linalotambaa kama kamba na kuhifadhi chakula kingi. Unayoyaona juu ni majani tu. Mwenye nyumba yuko chini.

MIZANI MOJA

Wote wawili husafiri hewani, popo kwa mabawa na kangaga kwa upepo. Lakini popo akisafiri hubeba mbegu za miti mingine, na kangaga hubeba nafsi yake tu. Popo akipita mahali, nyuma yake huota miti ya namna namna. Kangaga likishika mahali, majani yake huzuia jua, mabua yake yaliyokauka hufunika ardhi, na nyasi hufa.

Popo huja kwa majira. Leo wako maelfu, baada ya miezi kadhaa mti uko mtupu. Kangaga halihami. Mwaka huu liko kwenye kona ya boma, mwaka ujao limeingia hatua chache zaidi, na mjukuu wako atalikuta katikati ya malisho.

Popo huzaa mtoto mmoja kwa mwaka. Ukiua mia, huchukua miaka kurudi. Kangaga ukilikata leo, mwezi ujao limechipua.

Na tazama makosa yetu mawili, jinsi yanavyofanana. Mtu akichukizwa na popo hukata mti wanaolala. Popo hawafi kwa hayo. Huhamia mti wa jirani, nawe umebaki bila mti, bila kivuli na bila kizuizi cha upepo. Mtu akichukizwa na kangaga huwasha moto. Shina la chini haliungui. Majani na nyasi vyote vimekwisha kuungua, ndipo kangaga linachipua la kwanza, peke yake, bila mshindani. Wakati huo ng'ombe ana njaa, malisho ni meusi, na kitu kibichi pekee ni ile ngumi changa ya kangaga, ambayo ndiyo yenye sumu nyingi kuliko jani lililokomaa. Moto umeandaa meza ya sumu.

SUMU YENYEWE

Jambo hili si hadithi za wazee. Mwaka 1965 wataalamu wa Uingereza walitangaza kwamba panya waliolishwa kangaga walipata uvimbe wa saratani. Mwaka 1983 wataalamu wa Japani na wa Uholanzi walifanikiwa kuitenga sumu yenyewe, nayo ikaitwa taquilosaidi. Mwaka 1987 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka kangaga katika orodha ya vitu vinavyoweza kumletea binadamu saratani.

Ng'ombe akila kangaga kwa wingi kwa majuma machache, mafuta ya ndani ya mifupa yake, yanayotengeneza damu, huharibika. Hupata homa, hutoka damu puani na katika kinyesi, akafa. Huo ndio ugonjwa wa haraka. Ule wa polepole ni mbaya zaidi kwa sababu unadanganya. Ng'ombe anakula kidogo kidogo kwa miezi au miaka, kisha kibofu chake kinaota vidonda na uvimbe, naye anakojoa damu. Leo mkojo ni mwekundu, juma lijalo ni safi, kisha ni mwekundu tena. Maziwa yanapungua, ngozi inasimama, mifupa inaonekana. Hauna dawa.

Farasi nao wana hatari ya namna nyingine, kwa maana kangaga huharibu vitamini fulani mwilini wakaanza kuyumba. Na punda ni wa jamii hiyo hiyo. Nguruwe afukuaye mashina yake hudhurika pia. Kondoo walao kangaga muda mrefu waweza kupofuka.

Na wewe mwenyewe je? Mwaka 1996 wataalamu wa Venezuela walionyesha kwamba sumu hii huingia katika maziwa ya ng'ombe aliyekula kangaga. Kuchemsha maziwa ni jambo jema, huua vijidudu. Lakini sumu hii si kijidudu, basi usitegemee sufuria ikuokoe. Mtoto anayekunywa kikombe kila asubuhi hastahili kupimiwa hatari ambayo baba yake angeweza kuing'oa kwa jembe.

MKOJO MWEKUNDU SI WA KUPE TU

Hapa nataka usome polepole, maana ndipo fedha zinapopotea. Mkulima mmoja wa skimu moja ya nyanda za juu alikuwa na ng'ombe wa gredi watatu. Wa kwanza alipokojoa damu, alisema ni kupe. Alinunua dawa ya sindano. Mkojo ukawa safi, akafurahi. Baada ya mwezi ukarudi mwekundu. Akanunua tena. Aliongeza dawa ya dipu, akagombana na jirani juu ya kupe. Ng'ombe alikufa, na wa pili akaanza. Aliyemwambia ukweli ni bwana mifugo, alipouliza tu, "Hawa hulishwa wapi?" wakaenda wote wawili wakaona mteremko mzima wa kangaga. Karo ya watoto wawili ilikuwa imekwisha kutumika kwa ugonjwa usiokuwapo.

Ni kweli kupe huleta ugonjwa wa mkojo mwekundu. Lakini dalili hazifanani. Ule wa kupe huja kwa ghafula na homa kali, na ng'ombe huanguka kwa siku chache. Ule wa kangaga wa polepole kwa kawaida hauna homa, huja na kuondoka, na hushika zaidi ng'ombe wazima waliokaa malishoni humo muda mrefu. Fanya jaribio hili: kinga mkojo katika chupa safi ya kioo, uiweke mahali pa kutulia kwa saa kadhaa. Ikiwa wekundu unashuka chini ukaacha maji meupe juu, au kuna mabonge ya damu, hiyo ni damu inayotoka kibofuni, na shaka ya kangaga ni kubwa. Ikiwa maji yote yanabaki mekundu au ya rangi ya kahawa sawasawa, shaka ni ya kupe. Jaribio hili halimwondoi bwana mifugo kazini. Mwite upesi, maana ule wa kupe haungoji. Yeye atachukua damu kwenye kioo na kuitazama kwa darubini. Lakini ukimpelekea chupa ile na kumwambia malisho yako yana kangaga, umemsaidia nusu ya kazi.

WATAKAOBISHA

Najua wako watakaosema, "Karani huyu hana shamba la maembe." Nawajibu kwa heshima. Hasara ya popo ipo, siikatai. Lakini popo hupenda tunda lililoiva mtini, na tunda la soko huchumwa likiwa limekomaa kabla ya kuiva. Anayechuma kwa wakati humwachia popo kidogo. Miti michache iliyo karibu na nyumba yaweza kufunikwa wavu, uwe umevutwa vizuri usimnase ndege wala popo. Kuua hakufai. Katika kisiwa cha Mauritius serikali iliua makumi ya maelfu ya popo wa matunda wa huko, ndugu wa huyu wetu, mwaka 2015 na 2016, ili kuwaokoa wenye bustani. Baadaye ilionekana kwamba faida ya wakulima haikuongezeka.

Wengine watasema popo ana magonjwa. Ni kweli, nami sitaki mtu adanganyike. Mwaka 1956 huko Lagos, Nijeria, katika popo wa aina hii hii kilipatikana kirusi cha jamii ya kichaa cha mbwa, na hapa Kenya kimeonekana pia. Lakini kirusi kile hakiruki kutoka mtini kukufuata. Hatari iko kwa mtu anayemshika popo, anayemchinja, au mtoto anayemwokota aliyeanguka. Basi popo asiguswe, na tunda lililong'atwa naye litupwe. Mtu aking'atwa, aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, aende hospitali siku ile ile. Hiyo ni sababu ya kumwacha popo juu ya mti. Si sababu ya kumpiga manati akaanguka miguuni pa watoto.

Na wako watakaosema kangaga ni matandiko ya bure ya zizi. Wazee wametumia hivyo katika nchi nyingi, na Wajapani hata hulila baada ya kuliloweka na majivu na maji moto. Lakini kangaga kavu bado lina sumu, na ng'ombe mwenye njaa hula kitanda chake. Kama una nyasi au maganda ya mahindi, tandika hayo.

LA KUFANYA

Kwanza, usichome. Nimekwisha kueleza sababu.

Pili, kata kwa wakati. Majani yakiwa yamekunjuka yote, ndipo shina la chini limetumia akiba yake kuyalea. Kata hapo, mara mbili au zaidi kwa mwaka, kwa miaka mitatu mfululizo bila kuruka. Ukikata mwaka mmoja ukaacha, umeliburudisha tu. Ukikata wakati wa vumbi la kahawia, funga kitambaa puani.

Tatu, mahali panapolimika, lima kwa kina wakati wa kiangazi, ulitoe lile shina jeusi likauke juani, ulikusanye mbali na nguruwe. Panda viazi au mazao mengine yanayopaliliwa sana kwa misimu kadhaa kabla ya kurudisha nyasi. Mahali pa mteremko mkali usilime. Kata tu, ardhi isichukuliwe na mvua.

Nne, lipe udongo afya. Peleka udongo ukapimwe, na ukiambiwa ni mchachu tia chokaa na samadi, upande nyasi nzuri. Chokaa peke yake haiui kangaga, ila nyasi zenye nguvu ndizo askari wako.

Tano, mpaka malisho yatakapokuwa safi, weka ua, au usipeleke ng'ombe mwenye njaa huko. Mlishe kwanza nyumbani. Kiangazi na baada ya moto ndiyo nyakati za hatari kubwa. Kabla ya kununua dawa yoyote ya kunyunyiza, uliza ofisa wa kilimo iliyoruhusiwa na muda wa kuwazuia wanyama.

Na kuhusu popo: acha mti wao usimame. Wakiwa juu ya shule au kisima, usichukue shoka. Peleka habari kwa ofisa wa wanyamapori.

Ndugu zangu, mashamba yetu ni madogo. Ardhi iliyogawanywa tangu mpango wa ekari milioni moja, ulioanza mwaka 1962, leo imegawanywa tena kwa watoto na kwa wajukuu. Aliyepewa ekari tano akaacha moja kwa kangaga amejinyang'anya mwenyewe sehemu ya tano ya urithi wake, na hapana popo duniani awezaye kula kiasi hicho. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Popo yuko juu ya mti, twamwona na kumsikia. Kangaga liko chini ya miguu ya ng'ombe.

Jumamosi hii tembea na watoto wako kuzunguka mpaka wote wa malisho, mhesabu mahali ambapo zile ngumi changa zinachomoza. Mkiona kumi, anzeni na kumi. Mwaka ujao huenda zikawa mia.

Karani wa Kilimo